Shajara ya noti 15 za Kamboja

6 Januari, Unguja

Nilivuka na boti ya asubuhi kwenda kutafuta shilingi kumi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ile ya 1964 yenye jahazi ziwani. Mzee wangu wa sarafu, ambaye nimekuwa mteja wake tangu nikiwa chuo, akaniambia imeondoka wiki iliyopita, kaichukua Mtaliano mmoja bila hata kuomba apunguziwe. Nikanunua senti tano tano zenye tundu za miaka ya thelathini, ili nauli ya boti isiende bure. Mzee akazifunga kwenye kikaratasi, akapekua droo, akanitilia na noti moja nyekundu.

"Hii nyongeza, mwanangu. Kwangu mwaka wa tatu huu haina mwenyewe."

Niliitoa tukiwa katikati ya bahari. Upande mmoja kuna mnara wa mawe wenye nyuso, macho yamefumba nusu, midomo kama ya mtu anayeijua siri yako na hana haja ya kuisema. Maandishi yamezungukazunguka kama mizizi ya mwani. Upande wa pili Kifaransa: Banque Nationale du Cambodge, riel tano.

Sijawahi kukusanya kitu chochote cha Asia. Naanza shajara hii usiku huuhuu kwa sababu najijua.

14 Januari

Wiki nzima ya kusoma. Nyuso zile ni za hekalu la Bayon, la mfalme Jayavarman wa Saba, mwishoni mwa karne ya 12. Noti yenyewe ilianza kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ikiwa bado changa: Kamboja ilipata uhuru kutoka kwa Ufaransa tarehe 9 Novemba 1953 chini ya Mfalme Norodom Sihanouk. Benki ya Taifa iliundwa Desemba 1954, na riel zake zikaanza kuonekana 1955. Kabla ya hapo watu walitumia piastre ya Indochina, iliyotolewa na Banque de l'Indochine, benki ya watu binafsi iliyoanzishwa Paris mwaka 1875. Yaani nchi tatu, Kamboja, Laos na Vietnam, zilikuwa zikipewa fedha na kampuni yenye wanahisa.

Nimejiwekea mipaka. Mkusanyaji asiye na mipaka ni mlanguzi asiyepata faida. Nataka noti 15, katika mafungu matatu:

Noti za mpito za 1954, zenye majina mawili ya fedha kwenye karatasi moja: ya 1, ya 5 na ya 10. Noti za kwanza kabisa za Benki ya Taifa, 1955: riel 1, 5, 10 na 50. Halafu zile ninazoziita noti za kazi, zilizozunguka mikononi kuanzia 1956 na kuendelea: riel 1 ya meli bandarini, 5 ya nyuso (ninayo), 10 ya hekalu na soko, 20 ya mashine ya kuvunia, 50 ya wavuvi, 100 ya hekalu la mlimani, 100 ya ng'ombe wawili, na 500 ya mkulima.

Yako matoleo mengine ya 100 na 500, na noti za mpito za 100 na 200 zinazouzwa kwa bei ya pikipiki iliyotumika. Hizo nimeziacha kwa makusudi. Bajeti ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na mke wangu ameiona na kuikubali kwa kuguna.

Hesabu: 1 kati ya 15.

2 Februari

Bahasha ya kwanza imefika, noti tano kwa mpigo kutoka kwa muuzaji mmoja wa Ulaya: 1, 10, 20, 50 na 500. Zote za fungu la tatu, na zote rahisi. Riel moja ya meli imenigharimu chini ya sahani ya pilau.

Nimezipanga mezani chini ya taa na nimekaa nazo mpaka saa sita usiku. Niseme ya 20 kwanza, kwa sababu ndiyo iliyonishangaza. Hakuna mfalme wala sanamu ya kale. Ni mashine ya kuvunia mpunga, kubwa, ipo shambani kama tembo. Mchoraji ameichora kwa upendo uleule ambao wenzake waliuweka kwenye mahekalu. Igeuze, unakutana na pagoda, hekalu la Kibuddha, ya mji mkuu Phnom Penh. Ya 10 nayo hivyohivyo: mbele Banteay Srei, kihekalu cha mawe mekundu cha karne ya 10 kilichochongwa kama sanduku la vito, nyuma Soko Kuu la Phnom Penh na kuba lake la zege. Wenyeji wanaliita Phsar Thmei, soko jipya, na limefunguliwa mwaka 1937. Kila mji una "soko jipya" lililozeeka.

Ya 50 ina wavuvi wa ziwa Tonle Sap na nyavu zao kubwa. Ziwa hilo lina mto unaoliunganisha na Mekong, na mto huo hubadili mwelekeo: masika ya huko Mekong hujaa na kuusukuma maji yarudi nyuma, ziwa linatanuka na kuingia misituni, samaki wanazaliana humo, kisha maji yakipungua mto unageuka tena na samaki wanashuka nao. Nchi inakula kwa mpumuo huo. Sishangai waliuchapa kwenye fedha.

Hesabu: 6.

3 Februari

Nimezipima kwa rula. Ya 500 ni pana kuliko albamu yangu.

9 Februari

Nimejifunza tarakimu za Kikhmer, lugha ya Kamboja, bila mwalimu. Noti zina nambari yake ya mfululizo mara mbili, upande mmoja kwa tarakimu zao, upande wa pili kwa hizi zetu. Kwa hiyo kila noti ni kitabu cha kusomea hesabu. Nilichukua noti sita, nikaandika kila tarakimu chini ya mwenzake, na kufikia ya nne nilikuwa nasoma. Sifuri yao ni duara kama yetu. Na haikuwa ya kuazima jana: kuna jiwe la Sambor, kando ya Mekong, lenye mwaka 605 wa kalenda ya Saka, sawa na 683 ya kwetu, na sifuri yake imechongwa kama nukta. Ni miongoni mwa sifuri kongwe kabisa zinazojulikana duniani. Watu wenye historia hiyo wana haki ya kuweka tarakimu zao kwenye noti.

Mwanangu wa darasa la tatu sasa anaandika umri wake kwa Kikhmer kwenye vumbi la gari la jirani.

19 Februari

Noti ya 500 ina vitundu viwili, karibu na ukingo wa kushoto. Nilikasirika, nikaandika barua ya kulalamika, nikaifuta. Baada ya kuuliza wenye uzoefu nimeelewa: hii ilichapwa na Banque de France, na utamaduni wa benki za Kifaransa ni kushona mabunda kwa pini. Ndiyo maana noti nyingi za Kifaransa, hata ambazo hazijawahi kununua kitu, zina tobo. Ukiona ya 500 isiyo na tobo, lipa zaidi. Ukiona yenye tobo, usiseme umeibiwa.

Na ni noti nzuri kuliko zote sita. Mkulima nyuma ya nyati wawili, rangi juu ya rangi, na ukiinua juani kinatokea kichwa cha Buddha kwenye alama ya maji. Nyuma kuna mlango wa hekalu la Preah Vihear. Jina hilo nitalirudia.

11 Machi

Riel 100 mbili zimeingia siku moja. Ya ng'ombe ni ya buluu, imetulia, siwezi kuisema sana.

Ya pili ni Preah Vihear yenyewe, jua linachomoza nyuma ya hekalu. Hekalu liko juu ya genge la milima ya Dangrek, mpakani na Thailand, na nchi hizo mbili ziligombea kila mmoja akisema ni lake. Kesi ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Hague, na tarehe 15 Juni 1962 majaji 9 dhidi ya 3 waliamua kwamba lipo kwenye ardhi ya Kamboja. Noti hii imetoka baada ya hapo, mwaka 1963. Mbele hekalu na jua, nyuma hekalu lilelile kama anavyoliona ndege. Yaani mtu ameshinda kesi ya kiwanja, akachapa hati na kuwagawia majirani wote watembee nayo mfukoni. Na ya 500 wakaweka mlango wake, asije mtu akasahau pa kuingilia.

Fungu la tatu limekamilika kwa miezi miwili. Nilidhani huu mradi ni mgumu.

Hesabu: 8.

27 Machi

Noti ya kwanza ya mpito. Nimeilipia bajeti ya mwezi mzima na kidogo ya Aprili.

Ni ya 1. Jina la mtoaji ni refu kuliko noti: Institut d'Émission des États du Cambodge, du Laos et du Viêt-Nam. Taasisi hii ilipokea kazi ya kutoa noti kutoka kwa Banque de l'Indochine mwanzoni mwa 1952, na ikawa inatengeneza aina tatu za noti zenye thamani moja. Ya Kamboja imeandikwa piastre na riel. Ya Laos, piastre na kip. Ya Vietnam, piastre na dong. Zote zilipokelewa kote. Ukishika moja unaona nchi tatu zinavua koti moja, kila mmoja ameshatoa mkono wake.

Sisi tunalijua koti hilo. Bodi ya Sarafu iliyoanzishwa 1919 ilitoa shilingi moja kwa nchi zetu, na mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ikachapa ya kwake. Tofauti ninayoiona ni hii: noti yetu ya mwisho ya pamoja ilificha kila mtu, ikaweka jahazi na maji. Malkia ameondolewa, marais hawajawekwa, basi tuangalie ziwa. Wao waliweka sura. Kwenye hii ya 1 yupo Sihanouk, kijana, aliyetawazwa mwaka 1941 akiwa na miaka 18 kwa sababu Wafaransa walimdhani atakuwa mpole.

Halafu anatoweka. Machi 1955 alijiuzulu ufalme, akamwachia baba yake, Suramarit, ili yeye aingie kwenye siasa na kushinda uchaguzi. Katika noti zangu nane za kazi hakuna sura ya mfalme hata moja. Kuna meli, nyavu, nyati, mashine, mawe. Nimezipanga tena mezani nikitafuta kama nimekosea. Sikukosea.

Hesabu: 9.

18 Aprili

Mvua siku ya sita. Nimefungua albamu na harufu ya pazia jipya la bafuni ikanipiga. Albamu niliyoinunua kwa bei poa ni ya plastiki laini ile ya PVC, ambayo kwa joto na unyevu huachia kemikali na mafuta, na karatasi inayanywa. Noti mbili tayari zilikuwa zimeanza kunata. Zimetoka salama, lakini nilizitoa nikiwa nimezuia pumzi.

Sasa kila moja ina mfuko wake wa poliesta, ule mgumu unaolia ukiushika, ndani ya sanduku la biskuti lenye vipakiti vya kunyonya unyevu nilivyoomba kwenye duka la viatu. Sanduku lipo juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Anayekusanya karatasi kwenye mji wa pwani anapigana na hewa.

5 Mei

Mnada. Riel 10 ya 1955. Nimeshindwa ndani ya sekunde nne za mwisho, na dau langu lilikuwa tayari la kijinga.

22 Mei

Riel 1 ya 1955. Hii ndiyo noti niliyokuwa naiota: buluu, na upande wa kushoto kinnari, yule kiumbe wa hadithi zao, mwanamke kiunoni kwenda juu na ndege kiunoni kwenda chini, mikono imeinuliwa. Noti ya kwanza ya thamani ndogo kabisa ya benki mpya ya nchi mpya, na hawakuweka mtu wala jengo, waliweka kitu kinachoruka. Muuzaji, ambaye simtaji, aliiandika "safi ya benki", yaani haijawahi kutumika. Bei ilikuwa ya safi ya benki.

Imefika. Nyeupe mno, nyororo mno. Niliweka kidole pembeni ya maandishi pale wino unapotakiwa kuparuza kidogo, kwa sababu noti nyingi huchapwa kwa bamba lililochongwa na wino husimama juu ya karatasi. Haikuparuza. Ilikuwa laini kama risiti. Nikazima taa, nikawasha tochi ya mwanga wa zambarau wanayotumia kukagua pesa madukani. Karatasi ya noti ya zamani haitakiwi kung'aa. Hii iling'aa kama shati la mwanafunzi Jumatatu.

Imefuliwa kwa sabuni ya unga na kupigwa pasi. Sabuni ina kemikali za kung'arisha nguo, zinabaki kwenye karatasi, na ule mwanga unazisema. Ukitazama kwa mshazari mikunjo mitatu ya zamani bado ipo, imelazwa tu.

Noti ni halali. Uongo ni wa hali yake.

Hesabu: bado 9. Hii siihesabu.

30 Mei

Muuzaji amekubali kurudisha theluthi moja ya pesa na kuniambia nibaki nayo. Nimekubali kwa sababu gharama ya kuirudisha ingekula nusu. Kinnari aliyefuliwa yumo kwenye bahasha yake peke yake.

16 Juni, Unguja

Nilimpelekea Mzee noti zote tisa azione. Shikamoo, marahaba, kahawa, halafu kimya kirefu akiwa na lenzi jichoni. Mwisho akauliza fedha yao inaitwaje.

"Riel, Mzee."

"Riale?"

"Riel."

"Ndiyo, riale," akasema, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kutamka. "Bibi yangu mahari yake ilihesabiwa kwa riale."

Akafungua mtungi wa kioo, akanionyesha ile ya Maria Theresa, nzito na nyeusi kwa umri, ambayo watu wa hapa waliiita riale, na akasema amewahi kushika na ile ya Sultani Barghash ya 1882. Nikamweleza ninachokijua: Wakamboja wengi husema riel ni jina la samaki, trey riel, kadogo kama dagaa, wanamvua kwa mamilioni na kumtia chumvi kutengeneza prahok, kitoweo kinachonukia nyumba nzima. Wanaochimba maneno wanaona yaelekea zaidi limetoka kwenye real ya Kihispania, kupitia fedha za Meksiko zilizotapakaa Asia kwa biashara. Hiyohiyo real ndiyo mama wa riyal ya Waarabu na riale ya Unguja. Kipande kimoja cha fedha ya Mhispania kilizaa watoto pande zote za bahari, na wajukuu hawajuani.

Mzee alilipenda zaidi la samaki.

8 Julai

Noti za mpito za 5 na 10, pamoja, kutoka kwa mjane aliyekuwa akiuza mkusanyiko wa mumewe. Hazipendezi. Zimekunjwa kwa nne, kona zimekuwa duara, ya 10 ina nambari iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, 47, labda hesabu ya mtu aliyekuwa akihesabu bunda. Nimezipenda kuliko safi zote. Mtu fulani alizifanyia kazi.

Hesabu: 11.

29 Julai

Saini. Noti hizi nyingi hazina mwaka, kwa hiyo wakusanyaji huzipanga kwa kuangalia nani alisaini. Kuna saini tatu: gavana, mtunza hazina mkuu, na mshauri mmoja. Gavana wa kwanza, Son Sann, alikaa kuanzia 1955 hadi 1968, na kwa muda akawa waziri mkuu pia. Saini yake ikiwepo, noti yako haijavuka mwaka 1968. Nilisema sitaingia kwenye tofauti za saini. Leo nimejikuta saa saba usiku nikilinganisha mikia ya herufi kwa lenzi. Nimefunga sanduku kwa nguvu.

12 Agosti

Kuna jambo limekuwa likinisumbua tangu Februari, na leo nimelipata.

Zhou Daguan, mjumbe kutoka China, alikaa Angkor, mji mkuu wa kale wa Wakhmer, kati ya 1296 na 1297 na aliandika alichokiona. Sokoni, anasema, wafanyabiashara ni wanawake. Hakuna maduka, wanatandika mkeka chini, kila mmoja na mahali pake, na wanalipa ushuru wa mahali hapo. Na wanalipana kwa nini? Kitu kidogo kwa mchele na nafaka, na bidhaa za Kichina. Kinachofuatia ukubwa, kwa nguo. Biashara kubwa, kwa dhahabu na fedha. Sarafu hakuna. Zilikuwapo mapema zaidi, enzi za ufalme wa Funan, lakini ufalme uliojenga Angkor Wat na Bayon uliendesha mambo yake bila sarafu yake.

Sasa tazama meza yangu. Nyuma ya riel 50 ni Angkor Wat. Ya 5, Bayon. Ya 10, Banteay Srei. Nchi mpya ilipohitaji sura ya kuweka kwenye fedha, ilikwenda kuichukua kwa mababu waliojenga mawe yale yote bila kuhitaji fedha. Sisemi kwamba walikosea. Fedha ya karatasi ni ahadi, na anayeahidi hutafuta mdhamini mzito, na hakuna mzito kuliko jiwe lililosimama miaka 800. Lakini nikimtazama yule mwenye nyuso nne kwenye noti ya Mzee naanza kuelewa anatabasamia nini.

3 Septemba

Nimepewa ofa ya bunda zima, noti 100 za riel 500 zenye msichana aliyebeba chombo kichwani, nambari zinafuatana, hazijawahi kuguswa. Bei ni ya kutupa. Ni za 1973 hadi 1975, wakati wa Jamhuri ya Khmer ya Lon Nol, nje ya orodha yangu. Nikauliza kwa nini rahisi hivyo, kisha nikaona aibu kwa kuuliza.

Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge, waasi wa Kikomunisti, waliingia Phnom Penh. Wakazi walitolewa mji mzima, wagonjwa hospitalini pia, wakapelekwa mashambani kwa miguu. Fedha ilifutwa. Jengo la Benki ya Taifa lililipuliwa, na noti zikazagaa barabarani kama majani, hakuna wa kuziokota. Hao Khmer Rouge wenyewe walikuwa wameshachapisha noti zao China, na wakaamua wasizitumie. Kwa karibu miaka mitano nchi haikuwa na fedha ya aina yoyote. Baada ya utawala ule kuangushwa Januari 1979 watu walianza kununuliana kwa mchele na dhahabu, kama sokoni kwa Zhou Daguan, mpaka tarehe 20 Machi 1980 riel iliporudishwa. Kwa sababu hakukuwa na fedha ya zamani ya kubadilisha, mpya ilibidi igawiwe tu.

Ndiyo maana mabunda yapo, ya nambari zinazofuatana. Hakubaki mtu wa kuyachana.

Nimenunua noti moja kutoka kwenye bunda, siyo bunda. Haimo kwenye hesabu. Leo sitaandika zaidi.

4 Oktoba

Kinnari wa kweli! Amechoka, ana mpasuko wa sentimita moja juu, rangi yake ya buluu imekuwa ya jinzi kuukuu, na hang'ai kwenye tochi hata chembe. Pamoja naye riel 5 ya 1955, ya zambarau.

Nimewaweka wawili pamoja, aliyefuliwa na huyu. Yule wa sabuni anaonekana mdogo kwa miaka hamsini. Mke wangu aliambiwa achague mzuri, akamchukua wa sabuni mara moja.

Hesabu: 13.

26 Oktoba

Nimesoma kuhusu makumbusho ya uchumi na fedha ya Phnom Penh, yanayoitwa SOSORO, yaliyofunguliwa 2019, ambayo yanasimulia historia ya nchi yote kwa njia ya fedha zake. Nimeangalia nauli ya ndege. Nimefunga dirisha hilo la simu.

17 Novemba

Riel 10 ya 1955, hatimaye, na siyo kwa mnada. Mkusanyaji wa Ujerumani alikuwa na mbili na alitaka senti zenye tundu za Afrika Mashariki. Senti zangu tano tano za Januari, zile za kuokolea nauli ya boti, ndizo zilizoilipa. Kona moja haipo, na kuna alama ya kahawia pale ambapo gundi ya selotepu ilikaa miaka mingi. Sikujaribu kuitoa. Kila anayejaribu kuitoa hutoa na karatasi.

Hesabu: 14. Imebaki 50 ya 1955. Niliiona mara mbili mwaka huu, na mara zote mbili ilikuwa na bei ya bajeti yangu ya miezi saba.

21 Desemba, Unguja

Mzee alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo halifanyi. Ameipata shilingi kumi ya jahazi. Nilipofika ilikuwa juu ya kaunta chini ya kioo, kijani yake bado hai, ziwa limetulia.

Hakutaka pesa. Alitaka "yule mwanamke ndege", amweke kwenye fremu dukani, kwa sababu wageni hupenda kuuliza. Nilikuwa nao wote wawili mfukoni. Nikamweka mbele yake aliyechoka, nikamweleza kwamba huyu ndiye wa thamani. Akamsukuma kando kwa ncha ya kidole.

"Huyo mkongwe mwenzangu. Nipe yule anayeng'aa."

"Mzee, huyo kafuliwa kwa sabuni."

"Na mimi nimeoga asubuhi. Nipe."

Nikaomba penseli. Kwenye ukingo wa mfuko wa poliesta haiandiki, kwa hiyo nikakata kipande cha karatasi, nikaandika "riel 1, 1955, imefuliwa na kupigwa pasi", nikakiingiza nyuma ya noti ili atakayeinunua siku moja akiifungua fremu akikute. Mzee alisoma kwa lenzi, akatikisa kichwa, akakirudisha mahali pake.